Mtoto ana meno matatu tu, na kila daktari anasema lake: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Meno yaliyoota ni matatu tu: mawili ya juu mbele, yamechongoka, na gego moja la chini. Nywele zake ni chache na nyepesi, nyusi karibu hazipo, ngozi kavu, na sijawahi kumwona akitoka jasho. Tangu uchanga alikuwa mtu wa homa. Wazee walisema ni meno ya plastiki, nikakataa asichokonolewe. Daktari wa kwanza aliniambia tusubiri mpaka afikishe miaka 18. Wa pili, wa kliniki binafsi, alisema tukipata fedha anaweza kumpandikizia meno ya kudumu sasa hivi. Wa tatu alitaka ayang'oe yote matatu ndipo meno bandia yakae vizuri. Shule wanamwita Babu. Upande wa mume wangu wanasema ukoo wetu ndio wenye kasoro. Nianzie kwa nani? Na nikizaa tena, itakuwa hivi hivi? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba mama. Nitaanza na homa kabla ya meno, kwa sababu mtoto hafi kwa kukosa meno, lakini joto linaweza kumuua.

Meno machache yenye ncha, nywele nyepesi, nyusi hafifu, ngozi kavu, na jasho hakuna: dalili hizi zikikutana kwa mtoto mmoja, jambo la kwanza tunalolifikiria ni displasia ya ektodama, ile aina yenye upungufu wa tezi za jasho. Ni hali ya kuzaliwa nayo. Mimba ikiwa bado changa, tabaka la nje la kiinitete ndilo linalotoa ngozi, nywele, kucha, meno na tezi za jasho. Kinasaba, yaani maelekezo ya kurithi, kinachoongoza uumbaji huo kikiwa na hitilafu, vyote huguswa pamoja. Uthibitisho atautoa daktari atakayemshika na kumpima, ila usiusubiri ndipo uanze kumkinga na joto.

Mwili usiotoka jasho hauna namna ya kujipoza. Mtoto huyu akicheza juani Tanga mwezi wa Februari, joto lake linaweza kupita nyuzi 40 bila kijidudu chochote mwilini. Hapo panadol haimsaidii, kwa sababu dawa hiyo hushusha homa inayoletwa na ugonjwa. Joto lililokwama mwilini ni jambo jingine. Mvue nguo, mweke kivulini penye upepo, mlowanishe maji mwili mzima, mpepee, mpe maji ya kunywa. Shuleni avae fulana iliyoloweshwa ndani ya sare na awe na chupa ya kujinyunyizia. Mwandikie mwalimu wake barua: aruhusiwe kunywa maji darasani, akae karibu na dirisha, asikimbizwe mchakamchaka jua likishapanda. Na kila homa apimwe malaria kama mtoto mwingine yeyote, maana hali hii haimkingi na mbu. Wewe endelea kumpoza huku majibu yakisubiriwa.

Kuhusu meno ya plastiki, ulipokataa ulimwokoa. Tanzania, Kenya na Uganda wapo watoto wachanga wanaochokonolewa fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu kwa sababu tu wana homa au wanaharisha. Kinachotolewa na kuonyeshwa mama kwamba ndiyo plastiki ni kijijino cha chonge ambacho hakijakomaa, ndiyo maana ni laini na cheupe. Mtoto wa hali ya mwanao yuko hatarini kuliko wote, kwa sababu homa zake haziishi na sababu haionekani. Na ndiye mwenye meno machache kuliko wote ya kupoteza. Pwani kwetu kuna pia wazee wanaoogopa mtoto anayetanguliza meno ya juu. Mtoto ambaye ya mbele chini hayakuumbwa kabisa lazima atangulize ya juu. Hakuna nuksi hapo.

Sasa meno. Madaktari watatu uliowaona walikupa majibu matatu kwa sababu kila mmoja alitazama kipande chake. Mtoto huyu hatibiwi na daktari mmoja kwa siku moja. Anatibiwa na timu kwa miaka ishirini hivi, kinywa kikikua pamoja naye, na kila hatua lazima ijue inayofuata ni ipi.

Kung'oa: hapana. Ninaomba sana, hapana. Mfupa unaobeba meno huletwa na meno yenyewe. Jino likiota huja na ukingo wake wa mfupa; likiondoka, ukingo ule huyeyuka. Ukipitisha kidole kwenye fizi ya mtoto mahali ambapo hapakuwahi kuota jino utasikia ukingo mwembamba, wenye makali, ambao meno bandia hayapendi kuukalia. Meno yake matatu yanashikilia mfupa, yanazuia meno bandia yasiteleze, na yanampa hisia ya kuuma chakula. Yale mawili yaliyochongoka hayahitaji hata kukwanguliwa: uso wa jino husafishwa, hupakwa gundi yake, kisha huvikwa kompoziti, kijazio chenye rangi ya jino, tabaka kwa tabaka na kugandishwa kwa mwanga hadi yafanane na meno ya kawaida. Mara nyingi sindano ya ganzi haihitajiki, na mtoto hutoka na sura nyingine siku hiyo hiyo.

Kusubiri miaka 18: ushauri huu una ukweli nusu, na nusu hiyo ni ya vipandikizi peke yake. Kumwacha mtoto miaka 13 bila meno eti kwa kuwa kipandikizi hakijafika wakati wake ni kumnyima chakula, matamshi na utoto. Anameza makande bila kutafuna. Sauti za f na v, ambazo mdomo wa chini hugusa meno ya juu, na zile za th na dh, ambazo ulimi huhitaji meno, zinampotea katika miaka hii hii anayojifunza kusoma.

Kupandikiza sasa hivi: hapa ndipo ningependa utulie zaidi, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapoombwa. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoshikamana na mfupa moja kwa moja. Jino la asili hupanda taratibu kadiri taya inavyokua. Kipandikizi hubaki pale pale kilipowekwa, kama kigingi, huku taya ikikua na kukiacha. Baada ya miaka michache kinaonekana kimezama. Tena mifupa ya watoto hawa ni myembamba. Watafiti wa Sweden walikusanya kumbukumbu za nchi nzima za watoto waliowekewa vipandikizi kabla ya kufikisha miaka 16, wakatoa matokeo mwaka 2008: kwa wenye displasia ya ektodama, vipandikizi 9 kati ya 14 vilishindwa kushika, kwa watoto wengine, 2 kati ya 33. Ipo nafasi moja ambayo timu huweza kuifikiria mapema, nayo ni taya ya chini sehemu ya mbele, kwa mtoto asiye na jino hata moja la chini na ambaye meno bandia yamemshinda kabisa, kwa kuwa sehemu ile humaliza kupanuka mapema sana. Uamuzi huo hufanywa na madaktari kadhaa wakiwa wameketi pamoja, na mwanao hayumo katika kundi hilo. Meno bandia hajayajaribu bado.

Kwa hiyo uanzie kwa nani? Anzia kwa daktari bingwa wa meno ya watoto. Kwa kuwa uko Tanga, nenda kliniki ya kinywa na meno pale Hospitali ya Bombo ukaombe rufaa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako hospitali na chuo kikuu chenye skuli ya madaktari wa meno viko eneo moja. Ukiona safari ya Moshi ni nyepesi kwako, hospitali ya KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho tangu 1992 kinafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari wa ngozi anayeijua hali hii ni msaada mkubwa kwa uthibitisho, kwa ngozi kavu na kwa macho yake, maana machozi nayo huwa machache. Popote utakapoanzia, muulize daktari swali moja: nani atashika faili la mwanangu? Usiondoke bila jina la mtu. Mtu huyo ndiye atakayekuambia lini uende kwa nani, na wengine wote watamwandikia yeye.

Nikuonyeshe kwa nini nasisitiza hivyo. Chukua mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye meno sita ya juu. Daktari wa kupanga meno, akiwa peke yake, anaona mapengo na anafunga waya kuyasogeza meno yakaribiane. Daktari wa meno bandia alitaka meno yale yale yaachane, mawili mbele na mawili kila upande, yawe nguzo. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, kwa upande wake, angependa jino fulani liachwe mahali pasipopendeza kwa sasa, kwa sababu linahifadhi mfupa atakaouhitaji baada ya miaka minane. Wote watatu wako sahihi katika fani zao. Wasipozungumza, mtoto huvaa waya miaka miwili, kisha huvaa tena miaka miwili kuyarudisha meno yalikotoka. Wakizungumza nusu saa mbele ya picha moja ya eksirei, mara nyingi mtoto huvaa waya mara moja tu. Kikao hicho hakihitaji jengo maalumu. Madaktari wa hospitali tofauti wanaweza kukifanya kwa simu, wewe ukiwa umeridhia picha za mwanao zitumwe. Daima waombe waandike walichokubaliana kwenye daftari lako, kwa Kiswahili unachokielewa.

Mtu mmoja husahaulika katika timu, naye ni fundi sanifu wa maabara ya meno. Yeye ndiye anayeyatengeneza meno yale kwa mikono yake, na mara nyingi hajawahi kumwona mtoto. Omba amwone, au apelekewe picha ya uso mzima akicheka. Meno ya mtoto wa miaka mitano ni mafupi, meupe kuliko ya mtu mzima, na yana nafasi kati yake. Fundi asiyejua umri atamtengenezea mtoto meno ya mzee.

Hatua ya kwanza kwa mwanao basi ni meno bandia ya akriliki, aina ya plastiki ngumu, ya kuvaa na kuvua. Wapo wanaoanza wakiwa na miaka mitatu, mitano hajachelewa. Siku ya kuchukua vipimo, daktari huchagua trei ndogo kabisa, huipaka kingo zake nta ili isimuumize, kisha huijaza unga uliokorogwa na maji ambao hugeuka laini kama jeli. Mtoto huketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, anapumua kwa pua na anahesabu vidole vyake kwa sauti ya koo. Kabla hajachoka kuhesabu, trei imetoka. Unga huo hukorogwa kwa maji ya uvuguvugu ili ugande haraka. Watoto wenye hali hii pua zao huziba kwa ute mkavu, kwa hiyo pua isafishwe kwanza kwa maji ya chumvi. Asipoweza kupumua kwa pua, ataikataa trei, na watu watasema ni mkaidi. Ziara inayofuata meno hupangwa kwenye nta na kujaribishwa mdomoni. Hapo mpe kioo mtoto mwenyewe. Akiona jambo linalomkera, aseme, kwa sababu nta bado inabadilishika na akriliki haibadiliki kirahisi.

Mara nyingi mimi huanza na ya juu peke yake. Ya juu hushika vizuri zaidi, huonekana zaidi, na mtoto akishayazoea huyataka ya chini mwenyewe. Siku za kwanza avae akiwa anacheza au anatazama katuni, bila kula. Halafu vyakula laini: ndizi, viazi, samaki asiye na miba, wali wenye mchuzi. Makande yaje baadaye sana. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, yalazwe kwenye maji baridi. Maji ya moto huyapinda. Fizi ikiwa nyekundu au ina utando mweupe chini ya meno bandia, huenda ni fangasi, mrudishe. Na taya inakua: meno haya yatalegea, yatarekebishwa, kisha yatatengenezwa upya kila baada ya miaka michache. Uulize gharama ya kutengeneza upya tangu siku ya kwanza, na uulize bima yako inalipa nini, usije ukakwama katikati.

Mate yake huenda ni machache, na mate ndiyo yanayoosha na kulinda meno. Meno matatu haya yapigwe mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi na usiku, na kliniki yapakwe vanishi ya floridi kila miezi mitatu hadi sita. Soda na pipi zisikae mdomoni mchana kutwa.

Akifika miaka sita au saba ipigwe picha ya eksirei ya taya zote mbili. Hapo ndipo tutajua meno ya ukubwani yapo mangapi na yamelala wapi, na mpango wa kweli huandikwa kuanzia hapo. Jino la utotoni lisilo na mrithi chini yake lisiguswe. Linaweza kumtumikia miaka mingi. Baadaye meno bandia yatakalia juu ya meno yaliyopo, na daktari wa kupanga meno ataingia pale tu timu itakapojua nguzo zinatakiwa wapi. Kipandikizi kinaweza kuzungumzwa ukuaji ukishakoma. Wavulana wengine hawajamaliza wakiwa na 18, kwa hiyo madaktari hulinganisha picha mbili za eksirei za kichwa zilizopigwa kwa kuachana mwaka mmoja au zaidi. Zikifanana, taya imetulia. Huenda ikahitajika kuongezwa mfupa kwanza, na hiyo ni kazi ya daktari wa upasuaji wa kinywa na taya.

Ikitokea anahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji wowote, hata usiohusu meno, daktari wa usingizi aambiwe kabla kwamba mtoto hatoki jasho na kamasi zake ni nzito. Joto lake lipimwe muda wote, na dawa zinazokausha mate na jasho ziepukwe. Liandike jambo hili ukurasa wa kwanza wa daftari.

Nije kwenye maneno ya wakwe. Aina inayoonekana zaidi ya hali hii inatokana na hitilafu kwenye kinasaba kiitwacho EDA, kilichopo kwenye kromosomu ya X, moja ya vifurushi vinavyobeba vinasaba. Mwaka 1875 Charles Darwin aliandika habari za familia moja ya Sindh, ambayo leo iko Pakistan, ambako wanaume kumi katika vizazi vinne walikuwa na vijino vinne vya mbele na magego manane tu, nywele haba, na walitaabika sana wakati wa joto. Mabinti hawakuwa na tatizo lakini waliwazaa wavulana wenye nalo, na hakuna baba aliyemrithisha mwanawe wa kiume. Vinasaba vilikuwa bado havijulikani, na maelezo yake yanalingana na tunachokijua sasa. Mvulana hupata X yake kwa mama tu. Kama wewe umebeba hitilafu hiyo, basi kwa kila mimba mtoto wa kiume ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa na hali hii, na wa kike ana nafasi moja kati ya mbili ya kuibeba kama wewe. Jitazame kwenye kioo: una jino la mbele pembeni lililochongoka au lisilowahi kuota? Dada zako je? Mbebaji mara nyingi ana alama ndogo kama hizo, na yeye pia anastahili kutazamwa kliniki.

Lakini usikubali lawama, kwa sababu tatu. Hitilafu inaweza kuanza upya kwa mtoto bila mama kuibeba. Pia zipo aina nyingine zinazotoka kwa wazazi wote wawili kwa usawa, na hizo hujitokeza zaidi wanandoa wakiwa ndugu wa damu. Daktari akikuuliza kama wewe na mumeo ni mabinamu, mjibu ukweli, maana jibu hilo hubadilisha hesabu nzima. Na hata ukiwa wewe ndiye mbebaji, hakuna ulichokula, ulichofanya wala ulichoacha kufanya kilichokuletea. Nenda kliniki na mumeo, ayasikie haya kwa daktari, kisha ayafikishe yeye kwa mama yake.

Ukitaka kuzaa tena, sema kabla ya kushika mimba. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitoa taarifa ya wavulana watatu waliopewa protini inayokosekana kwa sindano kwenye maji ya uzazi, wakiwa bado tumboni. Walizaliwa wakiwa na uwezo wa kutoka jasho. Bado ni tiba ya majaribio, si kitu cha kuombewa rufaa kesho. Naitaja ili ujue watu wanaifanyia kazi, na kwamba ushauri wa vinasaba kabla ya mimba una maana.

Kliniki beba picha zake tangu uchanga, kadi ya kliniki, daftari jipya, na orodha ya ndugu wa pande zote mbili wenye meno pungufu au wasiotoka jasho. Omba miadi ya asubuhi kabla joto halijapanda, na kwenye basi kaa naye upande usiopigwa na jua, chupa ya maji mkononi. Shuleni, kabla hajavaa meno mapya kwa mara ya kwanza, zungumza na mwalimu peke yenu, umwombe asiwatangazie watoto.